Hataza hazihesabiwi kama magunia

Mjadala wa ubunifu ukinoga hapa Dar es Salaam, hakosekani wa kusema: wenzetu wana hataza (hati za kumlinda mvumbuzi asiigwe) nyingi, sisi chache, basi hatubuni. Hoja hii inaniuma, maana inawafuta watu ninaowaona kila siku. Nazijibu hapa kauli zinazorudiwa, moja moja.

"Hataza chache, ubunifu mdogo." Pita mtaa wa Gerezani uwaone mafundi wanavyochomelea mashine na kuziboresha kila mteja anaporudi na lawama. Hataza hudai kitu kipya duniani kote, kisha ada ya kila mwaka. Fundi hutumia hela hiyo kununua chuma. Takwimu huonyesha uvumbuzi ambao mwenyewe aliona unalipa kuulinda, basi.

"Zilizosajiliwa Tanzania ni za Watanzania." Sivyo. Kampuni ya nje huomba ulinzi hapa kwa sababu ya soko. Huweza kwenda BRELA, wakala wetu wa usajili, au kupitia ARIPO, shirika la Afrika la miliki bunifu, kule Harare na kuitaja Tanzania miongoni mwa nchi inazozitaka.

"Mwenye hataza ndiye aliyevumbua." Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Hati hutaja mwombaji, na hutaja wavumbuzi pia. Tuseme wavumbuzi ni watatu: mmoja yuko Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wawili Uswisi, na mwombaji ni kampuni ya Basel, hukohuko Uswisi. Ukihesabu kwa mwombaji, Tanzania inatoka kapa. Ukihesabu kwa makazi ya wavumbuzi, inapata theluthi moja, na ushirikiano wa nchi mbili unaonekana. Anayechunguza utafiti wa pamoja aanze na wavumbuzi. Ila makazi si uraia: Mtanzania anayeishi Boston huhesabiwa Marekani. Na aliyekusanya sampuli Bagamoyo bila kuchangia wazo la uvumbuzi hatajwi kabisa kama mvumbuzi, kwa hiyo soma pia makala za kisayansi zilizoandikwa kwa pamoja.

"Mwaka jana tumeshuka." Subiri kwanza. Kwa kawaida maombi huchapishwa miezi 18 baada ya kuwasilishwa, hivyo miaka ya karibuni huonekana mitupu kila mahali.

"Data hizi ni za wenye fedha." Hifadhidata za hataza, Patentscope ya WIPO (Shirika la Miliki Bunifu Duniani) na Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, ziko wazi bure, hata kwa simu. Kazi ngumu ni majina yetu: Mohamed, Mohammed na Muhammad huenda ni mtu yuleyule. Jaribu tahajia zote kabla ya kuandika kwamba hayumo.