Nani mwenye muuaji? Mwandishi anapoamua kuwa prodyusa

Vijana wanaotaka kuandika tamthilia za uhalifu za TV huniuliza sana waanzie wapi, wasomee nini, na mi siku zote naanza kuwajibu kwa jambo lililonipata mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma niliandika sirizi ya episodi sita, muuaji ni mtu ambaye mtazamaji anamuona kila episodi, anafungua mlango, anabeba mafaili, anasalimia watu, hakuna anayemtilia shaka, na dalili zake nilikuwa nimeshazipanda tangu ukurasa wa nne. Wiki moja kabla ya kushuti napigiwa simu, muuaji kabadilishwa, sasa ni yule mwigizaji mwenye jina kubwa kwa sababu ndo sura yake itakuwa kwenye matangazo. Nikauliza, na zile dalili je? Nikaambiwa rekebisha tu. Sasa dalili unarekebishaje jamani, dalili ndiyo hadithi yenyewe, ukimtoa muuaji umeng'oa shina unabaki umeshika majani mkononi. Ila nilikuwa mwandishi tu, mkataba haukunipa sauti yoyote, nikarekebisha, na kila aliyeitazama aliona kuna kitu hakikai sawa hata kama hakujua ni nini.

Ndo maana nikitaka kueleza hii kazi namchukua Lynda La Plante, mwandishi wa Uingereza, maana ukiifuata safari yake hatua kwa hatua unaona kwa nini mwandishi wa uhalifu mapema au baadaye anataka kiti cha prodyusa, yule anayesimamia bajeti na utengenezaji wote.

Alianza kama mwigizaji. Alizaliwa Liverpool mwaka 1943, akasomea uigizaji kwenye chuo cha RADA kule London, akaigiza miaka mingi kwa jina la Lynda Marchal. Akiwa kwenye sirizi ya polisi ya The Gentle Touch aliona kabisa kwamba anachopewa kusema mle hakina uzito, akaamua kupeleka mawazo yake mwenyewe ya hadithi. Yakakataliwa, lakini moja lilirudi na maneno ya sifa yameandikwa pembeni kwa mkono, na hilo moja ndilo likazaa Widows, episodi sita zilizorushwa na kituo cha TV cha ITV mwaka 1983. Majambazi wamekufa kwenye tukio lililoharibika, wajane wao wanaamua kuifanya wenyewe kazi ambayo waume walikuwa wameipanga. Tazama alivyofikiri: kachukua wale wanawake ambao kwenye tamthilia nyingi wanatokea sini moja tu, wanalia mlangoni polisi wanaondoka, akauliza wao wataishije kuanzia kesho asubuhi. Mwigizaji aliyechoka kupewa zile sini za kulia mlangoni ndiye anayeweza kuuliza hivyo.

Halafu ikaja Prime Suspect, tarehe 7 na 8 Aprili 1991, imetengenezwa na kampuni ya Granada, Helen Mirren akicheza mpelelezi Jane Tennison. Hapa naomba tukae kidogo.

La Plante hakumbuni Tennison akiwa amejifungia chumbani. Alimtafuta Jackie Malton, inspekta mkuu wa upelelezi wa polisi ya London, wakati ambapo wanawake wenye cheo hicho walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, akakaa naye, akamuuliza kuhusu kazi yake. Mwandishi anauliza mambo madogo madogo ambayo wengi hawaulizi, wenzako wanakuitaje, wakinyamaza ukiingia chumbani unafanya nini, ukiutazama mwili wa marehemu wewe unasimama wapi. Watu wengi wanadhani utafiti wa tamthilia ya uhalifu ni kujua bastola na sumu. Hapana, bastola utaambiwa na mtu wa vifaa, wewe unachotafuta ni jinsi kazi inavyomkaa mtu mwilini.

Na muundo wake sasa. Mshukiwa, George Marlow, anakamatwa mapema kabisa, hata jina la sirizi linakuambia, Prime Suspect ni mshukiwa mkuu. Inspekta mwanaume aliyekuwa na kesi anakufa kwa moyo, Tennison anaidai kesi, anagundua marehemu alitambuliwa kimakosa, yaani wenzake walishaharibu tangu mwanzo, na wenzake hao hao ndo anatakiwa kuwaongoza. Kwa hiyo swali linalokukalisha kitini siyo nani kaua, ni je atathibitisha, na je watamwacha afanye kazi. Kuna maswali mawili yanaenda pamoja, moja likipoa jingine linawaka. Mi hiyo skripti nimeichambua na wanafunzi mara nyingi na bado naona kitu kipya.

Kuna jambo jingine mle ambalo waandishi wapya huwa wanalikosa: sheria yenyewe inakupa saa ya ukutani. Uingereza kuna sheria ya mwaka 1984 ya polisi na ushahidi, mtu akikamatwa unaweza kumshikilia saa 24 bila kumfungulia mashtaka, kwa kosa zito ofisa wa ngazi ya juu anaweza kuongeza hadi 36, na mahakama hadi 96, basi. Mahojiano yanarekodiwa, wakili amekaa pale. Mwandishi mvivu anaona hayo ni vikwazo akayaruka, mwandishi anayejua kazi anaona amepewa presha ya bure, huhitaji bomu wala kufukuzana na magari, mwonyeshe tu mtu anayetazama saa huku mshukiwa akimtabasamia.

Sasa uprodyusa unaingiaje. Mtu akiwa mwandishi tu, akishatuma drafti ya mwisho skripti inaanza kukatwakatwa na watu wengine, na wala siyo kwa ubaya. Ukurasa mmoja unahesabiwa kama dakika moja hivi kwenye skrini, kisha kila ukurasa unagawanywa vipande nane, na ratiba ya kushuti inajengwa kwa hivyo vipande, siyo kwa mpangilio wa hadithi. Sini zote za kituo cha polisi zinashutiwa pamoja kwa sababu seti ni moja, sini za usiku zinapunguzwa maana usiku unagharimu, mtoto akiigiza masaa yake yana kikomo. Mtu anakaa na karatasi anasema tukihamisha hii sini ya mtoni tukaileta ofisini tunaokoa siku nzima. Kwake ni siku imeokolewa, kwako ile sini ya mtoni ndipo mpelelezi aliona tope kwenye kiatu. Kama haupo kwenye hicho kikao, tope limeondoka na hakuna aliyegundua. Kama upo, na una kauli juu ya bajeti, unasema sawa mto tuuache, ila nipeni kiatu kwenye korido, na hadithi inapona.

Halafu kuna majina, kitu ambacho mtazamaji hajui kabisa. Kila jina la polisi, daktari, wakili na mhalifu unayemtunga linakaguliwa kabla ya kushuti, isije ikatokea kuna inspekta wa kweli mwenye jina hilo hilo eneo hilo hilo, halafu wewe umemfanya mla rushwa. Ukibadilishiwa jina dakika ya mwisho, na jina lenyewe ndilo lilikuwa dalili, mfano herufi za mwanzo kwenye barua, unaanza upya. Prodyusa anayeandika analijua hilo tangu drafti ya kwanza.

La Plante aliandika Prime Suspect ya kwanza na ya tatu, ya pili ilitokana na hadithi yake lakini skripti iliandikwa na Allan Cubitt, na kuanzia ya nne sirizi iliendelea bila yeye mpaka 2006. Mwaka 1994 akafungua kampuni yake, La Plante Productions, ikatoa The Governor, ya gereza, halafu Trial and Retribution iliyodumu 1997 mpaka 2009. Hiyo ya pili ndo naipenda kwa sababu ndani yake unaona mkono wa mtu mwenye mamlaka: skrini inagawanywa vipande, unaona mpelelezi anauliza, mashahidi wako kwingine, mshukiwa yuko kwake, vyote kwa wakati mmoja. Kitu cha namna ile mwandishi akikileta kama ombi anaambiwa ni kazi nyingi kwenye kushuti na kwenye uhariri. Akiwa prodyusa anakipangia siku zake kwenye ratiba.

Marekani, mwandishi na prodyusa Dick Wolf alilijua hili upande wa biashara. Sirizi yake ya Law & Order ilianza kwenye kituo cha TV cha NBC mwaka 1990, nusu polisi nusu mahakama, na wazo la mwanzo lilikuwa kwamba saa moja hiyo inaweza kukatwa katikati ikauzwa kama vipindi viwili vya nusu saa. Yaani umbo la hadithi lilitoka kwenye soko, na bado likawa umbo zuri. Nasema hivi kwa sababu kuna waandishi wanaona pesa ni uchafu, hawataki hata kuiona karatasi ya bajeti. Isome. Omba uisome hata kama huna cheo.

Ila sitaki kudanganya watu kwamba hiki kiti ni raha. Asubuhi unakaa na wanasheria, mchana lokesheni imekataliwa, jioni mwigizaji anaumwa, na episodi ya nne bado haijaandikwa na mwandishi wa kuiandika ni wewe. Nimeona waandishi wazuri sana wakageuka prodyusa na mwaka wa pili sini zao zikawa nyepesi, kila mtu anaongea ofisini kwa sababu ofisi ni rahisi kushuti, bajeti imeingia kichwani kabla ya mhusika. Mi mwenyewe sasa hivi drafti ya kwanza naandika kana kwamba pesa ipo, mvua, mto, umati, vyote, halafu drafti ya pili ndo navaa kofia nyingine na kuanza kukata. Nikizichanganya hizo drafti mbili naharibu zote.

Na kiti chenyewe kinaweza kuponyoka hata ukiwa na jina la La Plante. Mwaka 2015 alitoa riwaya ya Tennison akiwa kijana, askari mpya katika London ya miaka ya 1970, ITV wakaifanya sirizi ya Prime Suspect 1973 mwaka 2017. Katikati ya maandalizi aliachana na mradi, skripti ikaandikwa na mtu mwingine, zikarushwa episodi sita na msimu wa pili haukuja. Yeye akarudi kwa Tennison wake kwenye riwaya, moja baada ya nyingine, akawa anampandisha cheo taratibu anavyotaka mwenyewe, kwenye ukurasa ambako gari la mwaka 1973 halina gharama na sini ya mtoni usiku hakuna wa kuihamishia ofisini.