Chester na Lester: Kisikilize Kidole Gumba

Mwanafunzi akija kwangu kutaka kujifunza gitaa la kantri, muziki wa mashambani wa Marekani, namwambia kwanza aliweke chini, halafu namwekea "Chester & Lester", albamu ya mwaka 1976 ya wapiga gitaa wa Marekani Chet Atkins na Les Paul. Wengi hushangaa. Hakuna anayeimba humo, na nyimbo zenyewe nyingi ni za jazi ya zamani, kama "Avalon" na "Caravan". Hata hivyo ilipata tuzo ya Grammy ya upigaji ala katika muziki wa kantri, na naona ilistahili kabisa. Kantri yake imo kwenye mkono wa kulia wa Chet.

Mkono huo unafanya kazi ya watu wawili. Kidole gumba kimevishwa kucha ya plastiki, kinatembea kwenye nyuzi nene, uzi mmoja baada ya mwingine, bila kupumzika. Vidole vingine vinapiga wimbo kwenye nyuzi nyembamba. Siri iko kiganjani: ile nyama ya upande wa kidole cha mwisho inalala juu ya nyuzi nene, palepale zinapopita kwenye daraja la gitaa, kile kipande kinachozibeba nyuzi kwenye tumbo lake, hivyo besi inatoka fupi na kavu, kama ngoma iliyozibwa kwa kitambaa. Inua kiganja kidogo tu, besi inavuma na wimbo unazama. Nina mwanafunzi aliyekaa wiki tatu akihangaikia hapo tu, na sikumharakisha.

Chet aliupata mtindo huu kwa sikio. Akiwa kijana alimsikia mpiga gitaa Merle Travis kwenye redio ya Cincinnati, na kwa kuwa hakuweza kuiona mikono yake, akabuni mwenyewe namna ya kutumia vidole vyake. Kumbe Travis alitumia gumba na kidole cha shahada tu! (Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga, Kongo, naye alitumia viwili hivyohivyo, na sisi tuliokua tukizisikia nyimbo zake hatuuoni mtindo huu kuwa mgeni.)

Les Paul ni mwingine kabisa. Anapiga kwa piki, kile kibapa kidogo kinachoshikwa kwa vidole, noti zinamiminika, anavuta uzi mpaka unalia. Ajali ya gari ya mwaka 1948 ilimvunja kiwiko cha kulia, akawaomba madaktari waufunge mkono ukiwa umekunjwa kiasi cha kushika gitaa. Huyu ndiye aliyejijengea jina kwa kurekodi gitaa juu ya gitaa, peke yake, hadi likasikika kundi zima. Katikati ya miaka ya 1960 akaacha maonyesho.

Ndiyo maana albamu hii hunigusa. Akiwa na miaka kama 60, bwana wa kurudufu sauti anakaa Nashville, mji mkuu wa kantri, na mwenzake, wanapiga pamoja kwa wakati mmoja, mmoja akimsubiri mwingine amalize sentensi. Maongezi na vicheko vyao viliachwa kwenye kanda. Kuna "It's Been a Long, Long Time", wimbo ambao Les aliupigia gitaa mwaka 1945 akiwa na mwimbaji Bing Crosby. Miaka 30 baadaye anauingia taratibu, na chini yake gumba la Chet linatembea, wala halimkimbizi.

Usikilize huo mara tatu kabla ya kuligusa gitaa. Mara ya tatu fuata besi peke yake.