Nepal siyo theluji tupu: tunayodhani kuhusu mbuga zao na ukweli wake

Nimekaa Doha chumba kimoja na jamaa wa Nepal miaka mitatu, na kila nikimuuliza kwao kukoje ananionyesha picha ya kifaru kasimama katikati ya shamba la mpunga, nikawa najua ananizuga maana kichwani mwangu Nepal ni Everest basi. Likizo moja nikaongozana naye, tukashuka Kathmandu, tukateremka kusini kwao, ndo nikajua nilikuwa sijui kitu. Nikisikia watu wa kwetu wanavyoiongelea naona bado wako pale pale nilipokuwa mimi.

Kwanza hii ya "Nepal ni baridi, beba koti". Kusini, mpakani na India, kuna ukanda wa tambarare unaitwa Terai, na huko ndiko iliko Chitwan, hifadhi ya taifa ya kwanza ya Nepal, ilianzishwa 1973. Sehemu zake za chini ziko mita 100 na kitu tu kutoka usawa wa bahari na mwezi wa tano joto linaweza kufika nyuzi 40, na hilo koti lako utakoma. Ila Desemba na Januari asubuhi ukungu unakuwa mzito na baridi inauma, kwa hiyo sweta usiache.

Halafu wapo wanaodhani ni Serengeti nyingine. Wapi! Simba hamna, twiga hamna, na ule uwanda wa kuona mnyama toka mbali usahau, kuna nyasi zinapita mita 6 yaani uko juu ya gari na bado huoni kitu. Wanakijiji huwa wanaruhusiwa siku chache kwenye Januari kuingia kukata nyasi za kuezekea, zinazobaki zinachomwa, ndiyo maana Februari mpaka Aprili ndo unaona wanyama vizuri. Juni mpaka Septemba ni mvua zao kubwa, we baki kazini tu.

Na simbamarara usimweke kwenye bajeti kabisa. Ni kweli wameongezeka, 2009 walikuwa 121 nchi nzima, 2022 wakahesabiwa 355, Chitwan peke yake 128 na Bardiya, hifadhi nyingine kule magharibi, 125, lakini kumuona ni bahati. Mimi nilichopata ni nyayo moja kwenye mchanga wa mto, mbichi, maji bado yanajaa taratibu ndani yake, na mwongozaji wetu aliyekuwa anaongea tangu asubuhi akanyamaza ghafla.

Vifaru ndo utawaona. Watu wanasema vifaru wa huko wamekwisha, kumbe sensa ya 2021 ilipata 752, na 694 wako Chitwan. Wana pembe moja, siyo mbili kama wetu, na ngozi imejikunja kama mtu kavishwa mabati. Ila walinusurika kidogo tu, miaka ya 1960 Chitwan walibaki kama mia hivi, maana zamani Terai ilikuwa uwanja wa kuwindia wa wakubwa, mwaka 1911 mfalme George wa Tano wa Uingereza alikuja kuwinda na msafara wake ukaua simbamarara 39 na vifaru 18 ndani ya siku chache tu. Siku hizi hifadhi inalindwa na jeshi, wanajeshi wenyewe wenye bunduki.

Sasa hii ndo dhana mbaya kuliko zote: "wameruhusu kutembea kwa miguu, basi hamna hatari". Kwetu ukitembea porini unafuatana na askari mwenye bunduki, Chitwan unapewa waongozaji wawili na kila mmoja kashika fimbo. Fimbo! Kabla ya kuvuka mto Rapti kwa mtumbwi wakatusimamisha wakatuambia, kifaru akikuvamia panda mti, hamna mti kimbia kwa kukata kona kona na umtupie begi asimame anuse, simbamarara usikimbie, mkazie macho rudi nyuma polepole, dubu kusanyikeni pamoja mpige kelele. Nikacheka. Mwongozaji hakucheka.

Kulala ndani ya hifadhi pia sahau, hoteli zilizokuwa ndani zilifungwa 2012, watu wanalala nje, wengi Sauraha, kamji kaliko ukingoni mwa hifadhi. Kiingilio kwa mgeni ni rupia 2,000 za Nepal kwa siku juu yake kodi, mwenyeji analipa kidogo sana, usilalamike maana hata kwetu ni hivyo hivyo.

Sikufika Sagarmatha, hifadhi ya Everest, siku ziliisha. Ila wanaodhani kule ni barafu na wapanda mlima tu wanakosea, kuna vijiji kabisa vya Masherpa, watu wa milima ile, ndani ya hifadhi, Namche Bazaar iko mita 3,440 na ina maduka na nyumba za wageni. Na usije na "mimi nilishapanda Kilimanjaro", mwili haukumbuki, ukipanda haraka kichwa kitakupasuka kama cha mwingine yeyote na dawa ni kushuka.

Ya mwisho, kwamba wenyeji wanaishi raha na wanyama wao. Kisheria asilimia 30 hadi 50 ya mapato ya hifadhi inarudi kwa vijiji vya jirani, na inasaidia. Lakini nililala kwao jamaa, na saa nane usiku nikashtuka kusikia debe linagongwa nje, nikatoka na tochi ya simu, mama yake kasimama ukingoni mwa shamba anagonga na kutukana kwa Kinepali, na kule kwenye mpunga kuna kitu kikubwa kinatafuna wala hakina haraka. Jamaa akatoka, akaniuliza kama bado nadhani zile picha alikuwa ananizuga.