Je, wajua kwa nini Mr Bean haongei? Sio bubu, na sio kigugumizi

Hili swali mi mwenyewe nimelijibu vibaya mara mbili. Utotoni tulikua tunamwangalia kibanda umiza, na ubishi ulikua mmoja tu, huyu jamaa ni bubu kweli au anaigiza, mi nikawa upande wa bubu tena kwa uhakika kabisa. Ukubwani nikasoma kwamba Rowan Atkinson, mwigizaji mwenyewe, ana kigugumizi, nikasema ahaa, kumbe ndo sababu, mtu kaona kuongea kunamsumbua akakimbilia vituko vya kimya. Nayo si kweli, na hii ya pili ndo mbaya zaidi maana inasikika kama ya mtu aliyesoma, kwahiyo inasambaa na hakuna anayeihoji.

Atkinson kazaliwa 6 Januari 1955, Consett, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Kasoma uhandisi wa umeme chuo kikuu cha Newcastle, akaenda Oxford kwa shahada ya pili, huko akakutana na mwandishi Richard Curtis na mwanamuziki Howard Goodall, na wote wawili baadae wakawa sehemu ya Mr Bean.

Sasa angalia alichofanya kabla ya Bean. Waingereza walimjua kwa mdomo! 1979 kaanza kuvuma kwenye Not the Nine O'Clock News, kipindi cha vichekesho cha BBC, afu 1983 mpaka 1989 akawa Blackadder kwenye vichekesho vya TV vya jina hilohilo, sizoni nne, na hasa kuanzia ile ya pili silaha ya yule mhusika ni ulimi peke yake, anamtukana mtu kwa sentensi ndefu iliyopangika mpaka anayetukanwa anachelewa kujua kama katukanwa. Hakuna mtu anayekwepa kuongea anayeenda kujipa kazi ya namna hiyo miaka sita.

Kigugumizi chenyewe ni cha kweli, na herufi inayomsumbua zaidi ni B. Ila msikilize Blackadder anavyotamka jina Bob, anaibana ile B midomoni, anaikalisha hapo, afu anaiachia kwa kishindo, ukumbi mzima unacheka. Herufi ngumu kaigeuza kuwa kichekesho. Na ameshawahi kusema kwamba akiigiza mtu mwingine, sio yeye, kigugumizi kinapotea, na kwamba huenda hiyo ni sehemu ya kilichomvuta kwenye uigizaji. Yaani ni kinyume kabisa cha tunavyosimuliana, kigugumizi hakikumnyamazisha, kama kilimsukuma popote basi kilimsukuma jukwaani akaongee. Wengi wenye kigugumizi husema wakiimba au wakisoma pamoja na wenzao maneno yanatoka laini, ila wataalam bado wanabishana kwa nini, na sio kila mtu inamtokea, kwahiyo usiichukue kama dawa ukamwambia mwenzio akajiunge na maigizo atapona.

Basi kwa nini Bean kanyamaza? Kwa sababu Atkinson na wenzake walitaka mhusika ambaye kichekesho chake hakihitaji lugha, na wakampima. Mwaka 1987, kabla Bean hajaingia kwenye TV, Atkinson alialikwa kwenye tamasha la vichekesho Montreal, Kanada, akang'ang'ania awekwe kwenye onyesho la wanaozungumza Kifaransa badala ya lile la Kiingereza. Alitaka aone kama watu wasiotumia lugha yake watacheka. Walicheka, na tarehe 1 Januari 1990 Bean akatoka kwa mara ya kwanza kwenye ITV, kituo cha TV cha Uingereza.

Sasa kinachochekesha ni nini hasa? Fikiria mtu anasonga ugali. Anatazama sufuria, analinganisha anachokiona na anachokitaka, anaongeza unga kidogo, anasubiri, anatazama tena. Ambaye hajazoea akiona umelegea anamwaga unga kikombe kizima bila kusubiri, umekaza, anamimina maji, umelegea tena, unga tena, mwisho sufuria imejaa ugali wa watu kumi wenye madonge na wanaokula ni wawili. Hakuna hatua hata moja ya kipumbavu ukiitazama peke yake, kila moja inajibu tatizo lililopo mbele yake. Ila kila jibu linazaa tatizo kubwa kuliko lililotangulia. Huyo ndo Bean. Saa yake imezama ndani ya batamzinga wa Krismasi, anaitafuta, anaingiza kichwa aone vizuri, kichwa kinanasa, na mgeni ndo anafika.

Na shahada ya pili ya Atkinson ilihusu mitambo inayojirekebisha yenyewe, yaani mashine inayotazama kosa lake ikajisahihisha, kama yule msongaji mzoefu. Kuiunganisha na Bean ni tafsiri yangu, sio yake, ila nikishaiona hivyo siwezi tena kuiacha.

Angalia kipande cha ufukweni kwenye ile episodi ya kwanza. Bean anataka kuvaa bukta ya kuogelea, pembeni kuna mwanaume kakaa kwenye kiti cha kukunja kavaa miwani ya jua. Anaona aibu. Basi anaivaa bukta juu ya suruali, afu anaanza kazi ya kuitoa suruali kwa chini, anajikunja, anavuta, anahangaika, huku uso mkavu kama mtu anayepunga upepo. Anafanikiwa! Mwanaume anainuka kuondoka, na hapo ndo tunaona fimbo nyeupe. Haoni. Kwenye kipande chote hicho unajua Bean anataka nini, anazuiwa na nini, na unakisia atafanya nini sekunde chache kabla hajafanya. Angefungua mdomo akasema mpango wake, kule kukisia kungekufa, na kukisia ndo uhondo wenyewe, ndo maana mtoto wa Tanga na bibi wa Montreal wanacheka sehemu ileile.

Na kwanza si kweli kwamba haongei kabisa, ananung'unika, jina lake analitoa kwa sauti nzito kama linatoka pangoni, na kwenye filamu yake ya 1997 anatoa hotuba mbele ya umati. Kwenye hiyohiyo episodi ya kwanza yupo kanisani, hana karatasi ya wimbo, anamumunya mashairi yote, ikifika Aleluya anapasuka kwa sauti kuliko waumini wote, afu anarudi kumumunya. Zote hizo ni episodi 15 tu, ukiacha filamu na katuni zilizoanza 2002.

Sauti yenyewe ukiitaka pia unayo. Zazu, yule ndege msaidizi wa Mufasa kwenye The Lion King ya 1994, anayeongea bila kupumua tangu mwanzo, sauti ni ya Atkinson. Miaka ileile tuliyokua tunabishana kama ni bubu, alikua anaongea kwenye mkanda wa pili.