Utando mweupe mdomoni mwa mtoto: kwa nini amoksilini haisaidii

Maswali haya huulizwa sana na akina mama wanaouza sokoni Kibuye, hapa Kisumu.

Nitajuaje kama ni maziwa tu?

Zungushia kidole kitambaa safi chenye unyevu, upanguse ulimi taratibu. Maziwa hutoka. Utando wa fangasi hung'ang'ania, na ukiulazimisha pale panabaki pekundu, hata damu hutoka. Usiulazimishe.

Nimpe amoksilini iliyobaki nyumbani?

Hapana, mama, tafadhali. Amoksilini hubomoa ukuta wa bakteria. Kandida, anayeleta utando huu mweupe, ni fangasi wa seli moja, jamaa ya hamira unayotia kwenye mandazi, na ukuta wake ni wa namna nyingine kabisa. Dawa hiyo haimgusi. Inaua bakteria wazuri waliokuwa wakimzuia, naye anapata nafasi ya kuenea.

Matone ya nistatini, dawa ya fangasi, yanamuuaje kandida bila kumdhuru mtoto?

Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Katika miili yetu, utando huo hukazwa na kolesteroli, aina ya mafuta. Kandida hukaza wake kwa ergosteroli. Mbili hizi zinakaribiana sana kwa umbo, lakini nistatini hunasa zaidi kwenye ergosteroli: inatoboa utando, potasiamu inavuja kama maji kwenye mtungi uliotoboka, seli inakufa. Dawa hii ilitangazwa mwaka 1950 na Wamarekani wawili, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, walioipata kwa bakteria wa udongo wa shambani.

Nayatiaje?

Baada ya kunyonyesha, nusu ya dozi kila upande wa shavu. Nistatini haiingii damuni ila kidogo mno, kwa hiyo lazima iguse utando mweupe wenyewe mdomoni na ikae pale. Endelea siku mbili baada ya mdomo kuwa safi. Chuchu zikikuwasha au kuuma, nawe utibiwe, la sivyo mtaambukizana tena.

Lini niende kliniki?

Akikataa kunyonya au akiwa na homa, nenda leo. Utando ukirudi-rudi baada ya miezi miwili ya kwanza, omba pia kipimo cha HIV. Hakuna aibu hapo: mtoto anayejulikana mapema huanzishiwa dawa mapema.