Kwa nini watu wa nchi mbalimbali walibuni mashine ileile ya siri karibu kwa wakati mmoja?

Je, wajua kwamba Enigma, mashine ya kuficha ujumbe iliyowapa Wajerumani jeuri katika Vita vya Pili vya Dunia, ilinadiwa kwanza kwa wafanyabiashara? Arthur Scherbius, mhandisi wa umeme Mjerumani, aliomba hataza yake, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, Februari 1918. Vita vilipokwisha akaanza kuitembeza kwa mabenki na makampuni yaliyotaka kuficha telegramu zao. Wateja wakawa wa kuhesabika.

Ajabu ni kwamba hakuwa peke yake. Kule Marekani, Edward Hebern alikuwa na wazo kama hilo tangu 1917. Uholanzi, Hugo Koch aliomba hataza Oktoba 1919, na siku chache baadaye Arvid Damm naye akaomba yake Sweden. Mwaka 2003 ndipo ikafichuka kwamba maofisa wawili wa jeshi la majini la Uholanzi, Theo van Hengel na mwenzake Spengler, walikuwa wamewatangulia wote: mwaka 1915 walishaunda mashine ya namna hiyo Batavia, mji ambao leo ni Jakarta.

Hakuna haja ya kutafuta nani alimwibia nani. Redio ndiyo iliyowasukuma wote. Zamani telegramu ilipita kwenye waya, na aliyetaka kuidukua ilibidi kwanza aufikie waya wenyewe. Vita vya 1914 vilipoanza, amri za manowari zilikuwa zinarushwa hewani, na adui alizinasa sawasawa na mlengwa. Kila neno likawa halina budi kufichwa, na wa kulificha alikuwa karani mwenye kalamu na kitabu cha msimbo, yaani orodha ya maneno na alama za kuyaficha. Kazi ya polepole, yenye makosa tele.

Tena kitabu huibwa. Agosti 1914 manowari ya Kijerumani Magdeburg ilikwama kwenye kisiwa cha Odensholm, pwani ya Estonia. Warusi wakaokota vitabu vyake vya msimbo, wakawapa Waingereza nakala moja. Wajerumani waliendelea kuzungumza hewani huku wakisikilizwa.

Dawa waliyoifikia wabunifu wote hao ni gurudumu. Chukua gurudumu lenye vituo 26 vya umeme kila upande, kimoja kwa kila herufi, na ndani yake nyaya zilizovurugwa makusudi. Ukibonyeza A, umeme unaingia kwenye kituo cha A na kutokea, tuseme, kwenye Q. Gurudumu likishasogea hatua moja, A ileile inatokea kwenye herufi nyingine. Panga magurudumu matatu, la kwanza likimaliza mzunguko limsukume jirani yake kama tarakimu za mita ya kilomita ndani ya gari, nawe unapata mikao 17,576. Mpokeaji mwenye mashine kama hiyo, akiipanga kwa mkao uleule, anasoma ujumbe bila taabu.

Jeshi la Ujerumani lilistuka lini? Mwaka 1923, pale Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa jeshi la majini la Uingereza, alipoisimulia habari ya Magdeburg katika kumbukumbu zake za vita. Wajerumani wakatambua kwamba siri zao zilisomwa miaka mingi. Jeshi lao la majini likaanza kutumia Enigma mwaka 1926, la nchi kavu mwaka 1928. Kwa maoni yangu, aibu hiyo ilimuuzia Scherbius mashine nyingi kuliko matangazo yake yote.

Hata hivyo Enigma ya jeshi ilikuwa na kasoro ya kimuundo: umeme ulirudishwa kupitia magurudumu yaleyale kwa njia nyingine, hivyo herufi haikuweza kamwe kujigeuza kuwa yenyewe. Kwa wavunja misimbo huo ulikuwa mwanya mkubwa. Mwanahisabati wa Poland, Marian Rejewski, alishazikokotoa nyaya za magurudumu ya jeshi mwishoni mwa 1932, akisaidiwa na nyaraka ambazo Mjerumani mmoja aliwauzia Wafaransa.

Na msidhani mashine zilifuta karatasi. Wajapani waliposhambulia Colombo Aprili 1942, wavunja misimbo wa Kiingereza waliokuwa huko walihamia Mombasa, wakaweka ofisi katika shule ya Alidina Visram. Huko waliuvunja msimbo wa meli za mizigo za Kijapani, JN-40, ambao haukuhitaji mashine. Ujumbe mmoja ulitumwa mara mbili, safari ya pili ukiwa na nyongeza, na hiyo ikawapa pa kuanzia.

Wabunifu wenyewe hawakuvuna kitu. Kampuni ya Hebern ilifilisika. Damm alifariki 1927, Koch 1928, na Scherbius akafa 1929 kwa ajali ya gari la farasi. Aliyetajirika ni Boris Hagelin, aliyeirithi kampuni ya Damm: jeshi la Marekani lilitengenezewa zaidi ya mashine 140,000 za muundo wake, M-209. Kadude kenyewe kalizungushwa kwa mkono, bila umeme wala magurudumu yale ya nyaya waliyoyahangaikia wenzake.