Kibali cha getini na mafaili yanayotoka usiku

Katika ofisi nyingi za Arusha, ukitaka kutoa kiti kilichovunjika ukipeleke kwa fundi, mlinzi wa getini atakudai kibali chenye saini na mhuri. Lakini jalada zima la majadiliano ya kibiashara linaweza kutoka kwenye ofisi hiyohiyo saa nane za usiku kwa njia ya intaneti, na asiwepo wa kuuliza linakwenda wapi. Hiyo ndiyo kazi ya programu za ujasusi, nami kama mtu wa usalama wa mifumo zinaninyima usingizi kuliko virusi vingine vyote.

Virusi vya kawaida tunavijua kwa kelele zao: kompyuta inakuwa nzito, mafaili yanafungwa, mtu anadai alipwe ndipo ayafungue. Programu ya ujasusi inakuacha ufanye kazi vizuri, kwa kuwa kazi zako ndizo inazozitaka. Inasoma barua pepe, inanakili kila unachobonyeza kwenye kibodi, inapiga picha skrini. Mtandao wa kijasusi wa Red October, uliotangazwa na kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky Januari 2013, ulikuwa ukifanya kazi tangu 2007 ndani ya balozi, ofisi za serikali na vituo vya utafiti. Uliweza hata kufufua mafaili yaliyokwisha kufutwa kwenye flashi.

Nikieleza haya, mara nyingi naambiwa, "Sisi ni shirika dogo, nani ahangaike nasi?" Tuutazame mji wetu. Hapa ndipo yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Anayezitaka nyaraka za taasisi kama hizo hana haja ya kuanza na mlango mkubwa. Atapitia kwa mkalimani, kwa wakili, kwa shirika linalowasaidia walalamikaji, kwa kampuni inayozifanyia matengenezo kompyuta zao. Mwaka 2020 ilibainika kuwa wavamizi walipenyeza programu yao ndani ya masasisho ya programu ya kusimamia mitandao ya kampuni ya SolarWinds ya Marekani, na wateja wapatao 18,000 wakayapakua wakiamini ni ya halali.

Kwetu mlango wa kawaida bado ni barua pepe. Katibu muhtasi anapokea mwaliko wa warsha wenye jina sahihi la mkurugenzi na tarehe sahihi ya mkutano, maana yote tumeyatangaza wenyewe mitandaoni. Kiambatisho kinaitwa ratiba, au fomu ya posho. Simlaumu anayekifungua, kwa kuwa kufungua barua ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Namlaumu aliyemkabidhi kompyuta isiyosasishwa. Novemba 2017 Microsoft iliziba tundu la usalama katika kifaa cha kuandikia milinganyo ndani ya Word, tundu lililokuwamo kwa miaka 17. Kwa miaka mingi baada ya hapo wavamizi waliendelea kulitumia, kwa sababu ofisi nyingi duniani hazikuweka kiraka hicho.

Hapa niseme wazi jambo linalotuaibisha. Windows na Office za kunakili, zinazowekwa kwa elfu chache mtaani, mara nyingi huzimwa masasisho ili zisigundulike, na ile programu inayovunja leseni inaweza yenyewe kuwa imebeba jasusi. Wakurugenzi wanaosaini mamilioni kwa ajili ya gari, kisha wakakataa kulipia leseni za kompyuta kumi, wanapaswa kulifikiria upya hilo. Na aliye kwenye Windows 10 ajue kuwa msaada wa kawaida wa Microsoft ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Idara ya Australia inayolinda mawasiliano ya serikali ilichambua mashambulizi iliyoyashughulikia, ikasema angalau asilimia 85 yangezuiwa kwa hatua nne: kuruhusu programu zilizoidhinishwa tu ziendeshwe, kusasisha programu, kusasisha mfumo wa kompyuta, na kupunguza wenye mamlaka ya msimamizi, yaani wanaoweza kuweka programu na kubadili mfumo. Hatua ya mwisho haina gharama. Mhasibu apewe akaunti ya kawaida, na mkurugenzi vilevile, hata kama ni mkubwa. Programu ya ujasusi ikiingia kupitia akaunti ya kawaida, inapata shida kujichimbia.

Lakini hata ofisi iliyofunga vizuri inaweza kuingiliwa, ndiyo maana narudi kwenye kibali cha getini. Januari 2018 gazeti la Le Monde la Ufaransa liliandika kwamba data za makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, zilikuwa zikihamishwa kila usiku kati ya saa sita na saa nane kwenda kwenye seva za Shanghai, kuanzia 2012 hadi 2017. China ilikanusha, na uongozi wa Umoja ukakanusha pia. Kwa mujibu wa gazeti hilo, mafundi walishtuka walipoona mtandao una shughuli nyingi wakati jengo halina watu. Kipimo hicho kinawezekana hata kwenye ofisi ya watu wanane hapa Arusha, mtaa wa Njiro. Mtu wa IT afungue rekodi za rauta, kifaa kinachoiunganisha ofisi na intaneti, kila Jumatatu, aangalie ni kompyuta ipi ilituma data nyingi usiku, na kwa nani.

Kwa wanaohudhuria mikutano: mwaka 2009 baadhi ya washiriki wa kongamano la kisayansi Houston walitumiwa kwa posta CD ya kumbukumbu za mkutano, kumbe ina programu ya ujasusi. Mwaka 2014 likafichuliwa kundi la DarkHotel, lililowavizia wageni kwenye waifai za hoteli kwa kuwaletea ujumbe wa kusasisha programu. Basi flashi ya zawadi isichomekwe, na masasisho yafanywe kabla ya safari, hotelini usikubali.

Ukishuku umeingiliwa, usikimbilie kupiga windo upya, yaani kuifuta kompyuta na kuweka Windows mpya. Ushahidi utafutika, na mvamizi aliyejificha kwenye kompyuta nyingine atajua amegunduliwa. Chomoa waya wa mtandao, zima waifai, lakini acha kompyuta ikiwaka, kwa sababu mengi yamo kwenye kumbukumbu ya muda inayopotea umeme ukikatika. Andika saa na ulichokiona. Usijadili jambo hilo kwa barua pepe ya ofisi, kwani huenda naye anaisoma, piga simu. Toa taarifa TZ-CERT, kikosi cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta kilicho chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kama taarifa za watu zimeguswa, ijulishe pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nywila zote zibadilishwe, ila kutoka kwenye kompyuta nyingine unayoiamini, ukianza na ile ya msimamizi.